Ndoa Iliyofifia Kama Rangi ya Gari Kuukuu



Wengi wenu mliokulia pwani mnaikumbuka Peugeot 504, gari lililokuwa likiunganishwa Mombasa na kushinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Huku kwetu Kwale, ukitoka Likoni kuelekea Msambweni, huenda ukaona moja imeegeshwa chini ya mwembe, nyekundu yake imegeuka waridi. Pitisha kidole juu ya boneti, kitatoka na unga kama wa chaki. Mwenyewe atakuambia, "Hili limekwisha." Na wapo wanandoa wasemao hivyo hivyo juu ya nyumba yao baada ya miaka ishirini. Hawagombani. Wanazungumza habari za karo na unga wa ugali, basi.

Kabla ya kukata tamaa, fahamuni ule unga ni nini. Jua letu la Diani huvunja utomvu unaoishikanisha rangi, nalo tabaka la juu likabaki vumbi. Lakini lililokufa ni hilo la juu tu. Tia dawa kidogo ya kung'arishia kwenye kitambaa cheupe, usugue mahali padogo pasipoonekana sana. Kitambaa kikishika rangi ya gari, furahi: ni rangi ya zamani isiyo na vanishi juu yake, na mara nyingi hurudi. Nanyi jaribuni padogo hivyo. Mume asianze na hotuba ya miaka ishirini, aanze na, "Mama watoto, pole kwa kazi." Atazame kitambaa kimeshika nini.

Kuosha hutangulia kusugua. Mchanga ukibaki juu ya bodi, kila unaposugua unachora mikwaruzo mipya. Tumieni maji baridi yasiyo na chumvi (visima vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi, nayo huacha madoa meupe). Kisha gari liwekwe kivulini, bati lipoe. Fundi anayepaka dawa juu ya boneti la saa saba mchana ataiona inakauka na kuganda. Wenzangu, ni mangapi mmeyaanza nyumbani saa saba mchana, mmoja ametoka tu kugombana na tajiri wake kazini?

Hapa nawaomba msome polepole. Rangi yote ya gari, tangu bati hadi juu, ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Kila ukisugua unaondoa kidogo, na pembeni mwa milango rangi ni nyembamba zaidi. Ndiyo maana fundi mzuri husugua mara moja vizuri, akaacha. Yuko mwanandoa ambaye kila Jumapili baada ya Misa hulifukua kosa la mwaka juzi, lililokwisha kuungamwa na kusamehewa, ati "tulizungumze vizuri". Huyo haponyi kitu. Anakaribia bati.

Kutu ni jambo jingine. Palipofura malengelenge hapang'arishwi. Wapo wanaopaka puti juu na rangi mpya juu ya puti. Gari litapendeza hadi masika, kisha kutu itatokeza kubwa kuliko ya kwanza. Kutu hukwanguliwa hadi bati safi, na bati lililooza hukatwa. Nasema haya kwa sababu wako wanawake, na wanaume pia, wanaopigwa nyumbani na kuambiwa na jamaa wavumilie, wasali, wapike vizuri. Hiyo ni puti juu ya kutu. Kanisa halikuambii ukae panapohatarisha mwili wako: Kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa inamruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa kutengana, na Kenya inayo sheria ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani tangu 2015. Ondoka kwanza na watoto, umwone padre na polisi ukiwa mahali salama.

Kwa wengine wenu, waliofifia tu, baada ya kusugua hupakwa nta. Bila nta, jua litaanza tena kesho. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa 2016, alisisitiza maneno matatu nyumbani: tafadhali, asante, samahani. Ni madogo, hayana gharama, na wengi wetu tunayatumia zaidi kwa makanga wa matatu kuliko kwa wake zetu.

Nta nayo huisha, na hapa pwani huisha upesi. Kila baada ya miezi michache mwagia boneti maji. Yakisimama matone matone, bado ipo. Yakitandaa, paka tena. Basi leo usiku, watoto wakishalala, muulizane: ni lini mara ya mwisho uliposikia asante kutoka kwangu, na ilikuwa ya nini?