Je, Deni Hilo Limelipwa?

Liko swali linalotusumbua tangu tuliposoma habari za dawa iitwayo thalidomaidi, nasi twapenda kulitafakari pamoja nanyi. Dawa hiyo ilianza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1957 ili kuleta usingizi, na wanawake wenye mimba wakaimeza kutuliza kichefuchefu. Wakazaliwa watoto wenye mikono na miguu mifupi mno, wengine hawana kabisa. Ilipoondolewa madukani huko mwaka 1961 madhara yalikuwa yameenea nchi nyingi. Watoto walioumizwa wakadiriwa kupita 10,000.

Mwaka 1964 tabibu Jacob Sheskin wa Yerusalemu alimpa dawa hiyo hiyo mgonjwa wa ukoma, maana maumivu yalimnyima usingizi. Akalala, tena uvimbe wake ukapungua upesi, jambo ambalo tabibu hakulitazamia. Baadaye ikaonekana yafaa pia kwa saratani ya uboho.

Yawezekanaje kitu kimoja kilemaze na kuponya? Mwaka 2010 wataalamu wa Japani walivumbua kwamba dawa hiyo hushikamana na protini iitwayo sereblona. Hiyo ni kama mnyapara achaguaye protini zipi zivunjwe mwilini. Dawa ikimshika, mnyapara huchagua zisizompasa. Katika mimba huvunjwa zile zinazohitajiwa na viungo vinavyoumbwa; katika saratani, zile ambazo ugonjwa wazitegemea. Si nguvu mbili, ni moja.

Basi wako wasemao kwamba ubaya umezaa wema, na maumivu yale hayakupotea bure. Sisi twasita. Aliyepona ana haki ya kushukuru, lakini hakuna mtoto aliyeulizwa kama yu radhi kuitoa mikono yake kwa ajili ya elimu. Wala walioiuza hawakuuwazia ukoma. Waliitangaza kuwa salama pasipo kuhakikisha. Tena njia ya hadhari ilikuwapo: Bibi Frances Kelsey, mtumishi wa serikali ya Marekani, alidai ushahidi zaidi tangu mwaka 1960, asiiruhusu kuuzwa. Na huko Brazili, dawa ilikotumiwa kwa ukoma, watoto wengine walizaliwa na kilema kile kile hata baada ya ulimwengu kuonywa. Wema uliopatikana haukuwalinda hao.

Mwaka 2012 mkuu wa kampuni iliyoitengeneza aliomba msamaha hadharani. Wengi wa walioumizwa, ambao walikwisha kuwa watu wa makamo, walijibu kwamba maneno hayo yamechelewa mno.