Mtoto wa Liyongo: Ushahidi au Khiyana?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na maswahaba wake.

Ndugu msomaji, kisa cha Fumo Liyongo wengi wetu tulikisoma shuleni kama mighani: shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, hodari wa upinde na wa mashairi, aliyemtia hofu Sultani wa Pate. Utendi wake unaojulikana zaidi uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ingawa kisa chenyewe ni cha karne nyingi kabla ya hapo. Tukisikia jina lake tunakumbuka nguvu zake. Lakini swali zito la kisa hiki haliko kwa Liyongo. Liko kwa mwanawe.

Tumtoe Liyongo Pate, tumlete katika mji mkuu wowote wa leo, kisha tuiandike habari yake kama riwaya ya kijasusi, zile walizotuzoesha akina Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Hakuna mengi ya kubadilisha. Mtawala anamwogopa mtu anayependwa na watu. Anajaribu kumuua kwa hila, anashindwa. Anamfunga, na mfungwa anatoroka. Njia inayobaki ni ndani ya nyumba yake: anatafutwa kijana wake, anaahidiwa cheo na kuozwa binti wa Sultani, anatumwa kuiuliza siri ya uhai wa baba. Baba anatambua kuwa mwanawe ametumwa, na bado anamwambia: sindano ya shaba kitovuni. Kijana anamchoma amelala.

Kugeuza kisa cha kale namna hii si jambo geni kwa Waislamu. Ali Ahmad Bakathir, mwandishi wa asili ya Hadhramaut, aliichukua ngano ya Kigiriki ya Oedipus akaifanya tamthilia ya siasa za zama zake. Msomaji anajua kuwa ni hadithi, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Kinachotakiwa ni mazingatio, na Sura Yusuf inamalizika kwa kutukumbusha kuwa visa vina mazingatio kwa wenye akili.

Ila mwandishi wa riwaya hiyo atakutana na tatizo mapema. Ni rahisi kusema mtoto ni msaliti tukaishia hapo. Qur'ani imetukataza kuzifanyia khiyana amana zetu, Sura Al-Anfal aya ya 27. Lakini Qur'ani hiyo hiyo, Sura An-Nisaa aya ya 135, imetuamrisha kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah, hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu. Basi mtu kumtaja baba yake mbele ya dola hakuwi khiyana kwa sababu tu ni baba yake. Huenda ikawa ni wajibu. Tutajuaje tofauti?

Naona yapo maswali matatu ya kujiuliza.

La kwanza: kuna dhuluma inayojulikana, au kuna hofu tu? Liyongo katika utendi hakushitakiwa kwa kosa. Aliogopwa asije akauchukua ufalme. Sura Al-Hujurat aya ya 12 inatutaka tujiepushe na dhana nyingi, kisha papo hapo inakataza kupelelezana. Mambo hayo mawili yametajwa pamoja, na kwa kweli yanazaana: mwenye dhana hutafuta mpelelezi, na mpelelezi huleta dhana nyingine.

La pili: anayetajwa atasikilizwa? Mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) akijiandaa kwenda Makka, Hatib bin Abi Balta'a (r.a.) aliwaandikia Makureshi barua ya siri kuwatahadharisha. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ali (r.a.) na wenzake, wakamfikia mwanamke aliyeibeba na barua ikapatikana. Hapa kosa lilikuwepo na ushahidi ulikuwa mkononi. Umar (r.a.) aliomba ruhusa ya kumuua. Hata hivyo Mtume (s.a.w.) alimuuliza kwanza Hatib kilichomsukuma, akamsikiliza alipoeleza kuwa jamaa zake wa Makka hawakuwa na wa kuwalinda, na akamsamehe kwa kuwa alikuwa mtu wa Badr. Sultani wa Pate hakuwa na barua, hakuwa na shahidi, na hakuuliza kitu. Anayempelekea mtawala wa namna hiyo jina la mtu hatoi ushahidi, maana hakuna mahakama ya kuupokea.

La tatu: habari imepatikanaje, na inalipwa nini? Mpelelezi wa vita ana nafasi yake. Usiku wa Khandaq, Hudhayfa (r.a.) alitumwa na Mtume (s.a.w.) aingie kambi ya adui aliyeuzingira mji. Huyo alikuwa adui aliyekuja na silaha. Mtoto wa Liyongo aliingia kwenye mapenzi ya baba, akayatumia kama ufunguo, na mkononi alikuwa na ahadi ya cheo na mke. Shahidi wa kweli mara nyingi hupoteza kitu kwa ushahidi wake. Huyu alikuwa akihesabu faida.

Hapa Sultani naye apewe haki ya kusema, maana riwaya ambayo mtawala wake ni mjinga haimfundishi mtu kitu. Atasema: mtu huyu akiinua mkono, mji utawaka moto. Afe mmoja wapone maelfu. Hoja hiyo si ndogo, na watawala wengi wameitumia wakiwa wanaamini kweli. Lakini wanafunzi wa fiqhi tunaijua kanuni kwamba yakini haiondolewi kwa shaka. Uhai wa mtu na haki yake ni yakini. Vita ambavyo huenda vikaja ni shaka. Mtawala akiruhusiwa kuua kwa ajili ya yanayoweza kutokea, hakuna raia aliye salama, maana kila mtu anaweza kufanya jambo fulani kesho.

Katika utendi, Liyongo alipochomwa alichukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti na kufa hapo mshale ukiwa tayari. Watu wakadhani yu hai, wasithubutu kuteka maji. Mji uliotaka kuokolewa ukashinda na kiu. Na kijana hakuyapata aliyoahidiwa.

Kuna mtu mwingine katika kisa hiki tunayempita haraka: Saada, kijakazi. Ndiye aliyepeleka ujumbe wa mfungwa kwa mama yake na kurudi na mikate. Walinzi walikula mikate mizuri, wakauacha wa makapi, na tupa ilikuwa ndani ya huo. Saada hakuahidiwa ufalme, na angekamatwa asingekuwa na wa kumtetea. Amana iliyouzwa na mrithi ilibebwa na mtu wa chini kabisa katika nyumba ile. Ananikumbusha mtu yule wa Sura Al-Qasas, aliyekuja mbio kutoka upande wa mbali wa mji kumwambia Musa (a.s.) kuwa wakubwa wanapanga kumuua. Naye pia alifikisha habari za siri, na kwa habari hizo aliokoa uhai. Kama ningeiandika riwaya hii, Saada angekuwa mhusika mkuu.

Ndugu zangu, leo hakuna atakayekupa sindano ya shaba. Utaombwa picha za ujumbe wa kundi la WhatsApp, au jina la aliyesema jambo fulani baada ya darsa, na utaahidiwa ada au kazi. Ada ni shida ya kweli, sitaki kuidharau. Jiulize maswali yale matatu kabla hujafungua simu. Na upande wa pili usisahaulike: ukijua kwa yakini kuwa mwenzako anapanga kumwaga damu ya watu, kunyamaza kwako si amana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumsaidia ndugu yetu akidhulumu au akidhulumiwa, na msaada wa anayedhulumu ni kumzuia. Mzuie, na ukishindwa, peleka habari mahali ambapo ataulizwa na kusikilizwa.

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuchunga amana zao. Wallahu a'alam.