Nchi Tupu na Jicho la Kamera

Wahenga walisema: ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hii hutumiwa aghalabu kumcheka mpenzi, kana kwamba kosa lake ni dogo na la kuchekesha. Lakini ndani yake mna swali zito la maadili: mapenzi yanapokipa kitu jina jipya, ni nani alipaye gharama ya jina hilo? Swali hili hudhihirika zaidi katika mapenzi ya jangwa, hasa pale mpenzi anaposhika kamera, chombo ambacho chenyewe ni chongo, kwa kuwa hutazama kwa jicho moja, kutoka mahali pamoja, kwa kitambo kisichotimia sekunde.

Mapenzi hayo hayana budi kuheshimiwa kwanza kabla ya kuhojiwa. Mtu aliyekulia visiwani, ambako jicho haliendi mbali bila kukutana na mnazi, ukuta au tanga, hukuta jangwani upeo ambao ameuzoea baharini tu. Alfajiri na jioni, jua likiwa chini, kila tuta la mchanga hugawanyika sehemu mbili, ya nuru na ya kivuli, na mstari unaozitenga huwa mkali kama makali ya jambia. Saa sita mchana mstari huo hutoweka, na nchi nzima huwa bapa, haina umbo wala kimo. Ndiyo sababu mpiga picha wa jangwa huamka kungali na giza, na mchana akatafuta kivuli. Tena liko jambo lililo kubwa kuliko nuru: katika nchi yenye vitu vichache, kila kimoja kina uzito wake. Mti mmoja ni kituo. Kikombe cha maji ni neema. Mtu anayechomoza mbali ni habari ya siku nzima. Anayelipenda jangwa kwa ajili ya hayo hakupotoka. Amejifunza thamani ambayo wingi huificha.

Katika karne ya 20 wachache walijulikana kwa mapenzi haya kama Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1910. Kati ya 1946 na 1948 alilivuka mara mbili jangwa la Rub' al-Khali, safari ya kwanza akiianzia Salalah, katika nchi ya Dhofar, kwa ngamia na pamoja na Mabedui. Sababu rasmi iliyompeleka kule ilikuwa kutafuta mazalio ya nzige. Sababu ya moyoni ilikuwa jangwa lenyewe na watu wake. Baadaye aliishi miaka mingi Maralal, kaskazini mwa Kenya, miongoni mwa Wasamburu. Alifariki mwaka 2003, na maelfu ya picha zake yamehifadhiwa katika makumbusho ya Pitt Rivers, mjini Oxford. Kitabu chake, Arabian Sands, kilichotoka mwaka 1959, kiliwafundisha wasomaji wengi kulitamani jangwa ambalo hawakupata kulikanyaga.

Tofauti kati ya mpenzi mgeni na mwenyeji huonekana katika jambo dogo sana: alama ya unyayo. Kwa mpiga picha wa mandhari, nyayo juu ya tuta ni doa. Huzunguka mbali asije akaweka zake, na za wengine husubiri upepo uzifute, ndipo afyatue. Kwa Bedui, nyayo hizo hizo ni maandishi. Thesiger mwenyewe alisimulia jinsi wenzake walivyozisoma: kwa alama za ngamia mchangani walijua wapitao ni wa kabila gani, wametoka upande gani, na wanyama wao wamekunywa maji lini. Katika nchi ambayo kukutana na adui kisimani kulikuwa kufa, kusoma huko kulikuwa uhai. Basi ile picha inayosifiwa kwa usafi wake, mara nyingi ni ukurasa uliofutwa kwanza.

Jina nalo hufuta. Rub' al-Khali maana yake ni Robo Tupu. Lakini Mabedui walioishi humo, kwa ushahidi wa Thesiger huyo huyo, hawakuiita nchi yao tupu. Waliiita Mchanga tu. Kwa Kiswahili tungesema Mchangani, na Mzanzibari akisikia neno hilo hukumbuka mtaa wenye nyumba, maduka na kelele za watu. Wala watu wa pwani wasijione wamesalimika na kosa hili. Waliita bara lililo nyuma yao nyika, na jirani zao wakawaita Wanyika, watu wa porini, hata jirani hao wakalikataa jina hilo na kujiita Mijikenda, jina lililopata nguvu katika miaka ya 1940. Aliyeko nje ndiye aonaye utupu. Aliye ndani huona kaya, makaburi, malisho na njia ya maji.

Wala halihitajiki jangwa halisi ili macho yapotee hivyo. Chukua Mtua, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Hapo si jangwa hata kidogo. Ni nchi ya mikorosho, ufuta, mbaazi na muhogo. Lakini mvua yake ni ya msimu mmoja, na ikisha kukatika, kiangazi hushika miezi mingi. Mgeni akifika mwezi wa Septemba atakuta miti ya pori imepukutika, majani yameungua, majivu yametanda, na vumbi jekundu limepanda hadi kwenye mapaa. Akipiga picha hapo na kuiita jangwa, hatakuwa amebuni chochote, na bado hatakuwa amesema kweli. Mti uliopukutika haukufa, unajiwekea maji. Majivu ni shamba linalongoja mvua. Na mkorosho, katika kiangazi hicho hicho, hutoa maua. Mwenyeji wa Mtua haoni ukiwa. Anaona kati ya mwaka. Kamera hukamata siku moja, na nchi hukaa mwaka mzima.

Nachingwea inayajua madhara ya jicho la haraka kuliko mahali pengi. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliwatuma wataalamu watatu kuchunguza ardhi ya kulima karanga katika Afrika ya Mashariki, nao wakaipitia kwa ndege na magari katika muda wa wiki chache. Kutoka juu, pori lilionekana kama nafasi. Mpango uliotokana na safari hiyo ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Urambo. Miti iling'olewa kwa matrekta, reli ikatandikwa, bandari ya Mtwara ikajengwa. Ardhi na mvua havikukubaliana na yaliyoonekana kutoka angani. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukaachwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36, na reli yenyewe ikang'olewa katika miaka ya 1960. Watu wale hawakuwa wapenzi wa mandhari, bali wapimaji wa faida. Lakini wao na mpiga picha anayesubiri nyayo zifutike walikutana katika sentensi moja: hapa hapana mtu.

Sentensi hiyo haijazeeka. Mashariki ya Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, iko nchi ya mawe na upepo ambayo wapiga picha wameipenda kwa miaka mingi. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alilizunguka ziwa hilo, na kitabu chake juu yake kikatoka mwaka 1981. Miaka mitatu baadaye, huko Korem, Ethiopia, kamera yake ilionyesha ardhi nyingine iliyokauka, safari hii ikiwa imejaa watu wanaokufa kwa njaa, na dunia ikashtuka. Ukavu ulioshangiliwa katika picha moja uliliza watu katika nyingine. Kilichobadilika ni nani ameingia ndani ya fremu. Na pale Loiyangalani, upepo uliokuwa uzuri wa mahali ukawa mali. Mitambo 365 ya kufua umeme ilisimamishwa katika ardhi ya ekari 150,000, na mwezi wa Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi huko Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Walioshtaki walikuwa wafugaji wa mahali hapo. Ardhi iliyoonekana haina mtu ilikuwa na wenyewe waliojua njia ya kwenda mahakamani.

Mtu anaweza kupinga: mpiga picha hana hatia ya mambo ya serikali na makampuni, yeye amependa tu, na kupenda si kunyang'anya. Pingamizi hili lina haki yake kwa nusu. Ni kweli kwamba picha haichukui ardhi. Lakini hujenga mazoea ya macho, na macho yaliyozoea kuona nchi fulani bila watu hayashtuki watu wakiondolewa.

Tena mpenzi hudai. Thesiger aliporudi Oman mwaka 1977 alihuzunika, kwa kuwa wenzake wa zamani walikuwa na magari, na maisha aliyoyapenda yalikuwa yametoweka. Huzuni yake ilikuwa ya kweli, lakini ni huzuni ya nani? Kabla ya mwaka 1970 Oman ilikuwa na shule 3 za kisasa, na barabara ya lami ya kilomita 10 hivi. Mtoto alikufa kwa maradhi ambayo dawa yake ilikuwako duniani. Miongoni mwa walioibadilisha hali hiyo walikuwamo wenye asili ya Oman waliotoka Unguja na Pemba, waliorudi wakiwa na elimu na lugha ya Kiswahili kinywani, wakawa walimu, madaktari na makarani wa nchi mpya. Kwao jangwa halikuwa mandhari. Lilikuwa mahali pa kupitisha bomba la maji.

Hapa ndipo mapenzi yanapopimwa. Kumpenda mtu na kutaka asipone, kwa sababu ugonjwa umempa wembamba unaopendeza, ni kuyapenda macho yako mwenyewe. Kuipenda nchi na kutaka isipate kisima kirefu, kwa sababu kisima kitaharibu upeo, ni jambo lile lile. Kwa haki ya Thesiger ni lazima kuongeza kwamba hakuishia hapo: alipokwenda tena Ghuba mwaka 1990 alianza kupatana na yale mabadiliko. Na picha zake nyingi zilizo bora si za matuta matupu. Ni nyuso za Mabedui waliosafiri naye, watu wenye majina, ambao wajukuu wao leo wanaweza kuziangalia na kusema: huyu ni wetu.

Hivyo jibu si kuizima kamera, wala kuyaonea haya mapenzi. Jangwa ni zuri, na kulisema zuri ni kusema kweli. Kinachotakiwa ni mapenzi yenye subira ya kungoja mvua, yanayouliza kabla ya kufyatua: kisima kiko upande gani, jina lake nani, na nani ananywa hapo? Picha inaweza kisionyeshe kisima hicho, na bado aliyeipiga akawa anakijua. Mtazamaji mwenye makini hutambua. Asiyejua kisima kiliko amependa kivuli cha jioni, na kivuli cha jioni hakina mwenyewe, hakina deni, wala hakina kiu. Nchi ina vyote vitatu.