Chuma Kilichofichwa na Amana ya Fundi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemlainishia chuma Nabii Daud, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu wa mwambao! Wamo miongoni mwetu wangali wakiidharau kazi ya mkono, wakidhani ni ya mtu aliyekosa nyingine. Nasi twajua kuwa Mtume ametufunza kwamba hapana chakula bora kuliko akilacho mtu kwa kazi ya mkono wake, akamtaja Nabii Daud kuwa mfano. Na Sahaba Khabbab bin al-Aratt alikuwa mhunzi wa panga mjini Makka.

Basi na tutazame Athi River, katika Machakos, mahali ambapo gari la moshi la reli mpya, iliyofunguliwa 2017, humfikisha kijana wa Mombasa siku ile ile. Hapo pana viwanda vya chuma na vya saruji, na pana chuo cha Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani. Kijana huanza kwa kukata nondo, kuzikunja na kuzifunga kwa waya. Hufanya mtihani wa daraja la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza. Baadaye hushika kazi ndogo kwa mapatano na kuajiri wenziwe. Na akijaaliwa, huandikishwa kuwa mkandarasi katika Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyowekwa kwa sheria ya 2011. Daraja za wakandarasi ni nane, na ya nane ndiyo ya chini. Ngazi hii ni ya halali, wala haina aibu.

Lakini kadiri apandavyo ndivyo amana izidivyo. Zege huhimili kubanwa, haihimili kuvutwa. Mvuto huchukuliwa na chuma. Na nondo zikisha kumwagiwa zege hazionekani tena. Mwenye tamaa hutia nondo ya milimita 10 mahali pa 12, akasema zimepungua milimita mbili tu. Kumbe ameiba karibu thuluthi ya chuma chote! Mkaguzi asipoiona, je, Mola wake haioni? Mwezi wa Aprili 2016 jumba la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, wakafa watu karibu 50. Nyumba huanguka kwa sababu nyingi, lakini anayezikwa chini yake ni mpangaji asiyejua lililofichwa ukutani.

Na liko jambo la pili. Khabbab alipomdai al-As bin Wail ujira wake, alidhihakiwa na kunyimwa, na aya za Surat Maryam zikateremka kumlaumu mnyimaji. Basi ewe uliyekuwa mwanafunzi wa fundi, leo umekuwa tajiri: je, wewe ni Khabbab, au umegeuka al-As? Mlipe mtu wako kabla jasho lake halijakauka.

Twawausia wazazi wawapeleke watoto wao kazini, na wawape amana kabla ya nyundo. Mwenyezi Mungu atujaalie mikono yenye ustadi na nyoyo zenye kumcha. Amin.