Upepo wa Mbele

Mtakatifu Marko asimulia, katika sura ya sita ya Injili yake, jinsi mitume walivyovuka ziwa usiku. Upepo uliwajia mbele, nao walitaabika sana kwa kupiga makasia. Bwana Yezu alikuwa amepanda mlimani kusali. Aliwaona wakihangaika, na karibu na mapambazuko akawaendea, akitembea juu ya maji.

Watu wa Kamina hukaa mbali na maji makubwa. Mitumbwi waijuayo ni ile ya Lualaba kule Bukama, na ile ya Ziwa Kisale, iendeshwayo kwa mti mrefu na kafi. Atakaye kujifunza tanga yampasa kwenda mbali zaidi, hata Ziwa Tanganyika, kwa njia ile ya reli iliyounganisha Kamina na Kabalo mwaka 1956, na kutoka Kabalo hadi Kalemie, mji ulio ufukoni mwa ziwa hilo.

Mwanafunzi wa tanga haanzi kwa kushika usukani. Kwanza hufundishwa kujua upepo watoka wapi: ausikie shavuni mwake, autazame moshi wa majiko na mwendo wa mawimbi. Kisha huonyeshwa mlingoti, na tanga, na kamba ya tanga ishikwayo mkononi. Tanga likipigapiga kama nguo iliyoanikwa, kamba ivutwe mpaka litulie na kujaa. Isivutwe kupita hapo. Upepo mkali ukija ghafula na kulalisha chombo, mwanafunzi kwa woga huikaza kamba, na kwa kuikaza hupinduka. Ndiyo maana mwalimu humpigia kelele: "Legeza!" Akilegeza, upepo hutoka tangani, na chombo huinuka.

Lakini fundisho gumu ni lile la upepo wa mbele. Kijiji aendacho mwanafunzi kiko upande ule ule utokako upepo. Akielekeza kichwa cha chombo huko moja kwa moja, tanga hulegea, chombo husimama, kisha hurudishwa nyuma. Basi mwalimu humfundisha kubisha. Chombo huelekezwa mshazari, upepo ukipiga upande wa kuume. Kikiisha kwenda kitambo, hugeuzwa, upepo upige upande wa kushoto. Hivyo huenda huku na huku, kama njia ipandayo mlima kwa kuzunguka. Atazamaye kutoka ufukoni husema, "Huyu amepotea." Lakini hakupotea. Kila ageuzapo husogea karibu, maadamu jicho lake haliachi kijiji. Tena upepo unaomsogeza ni ule ule uliomzuia.

Mkatekumeni mmoja, mtu mwenye mke, alikuwa amebakiza miezi michache apate ubatizo. Usiku mmoja wa masika mtoto wake alishikwa na homa kali. Mjomba wake akaja na wazee wa ukoo, akamwambia, "Mwana wa dada yangu, tangu ulipoanza kwenda misioni wahenga wamekasirika. Twende kwa mpiga ramli kabla mtoto hajafa."

Yule mtu alitetemeka. Kumtukana mjomba kungekuwa kuikaza kamba. Kumfuata kungekuwa kurudi nyuma. Akapiga magoti mbele yake, akasema, "Mjomba, wewe ndiwe mzee wangu, na chakula changu ni chako. Lakini kwa mpiga ramli siendi. Nampeleka mtoto hospitali." Akambeba usiku ule ule katika mvua.

Homa haikutoka upesi. Alikaa na mtoto siku nyingi, asihudhurie mafundisho. Aliporudi, wenzake walikuwa wamekwisha kuulizwa katekisimu, naye akawekwa pamoja na wale watakaongoja Pasaka nyingine. Watu wa kijiji wakacheka: "Ameacha ya wazee, na ya misioni hakuyapata." Hakujibu neno. Alimpelekea mjomba wake kuni, akamsalimu kwa heshima kama desturi. Na Jumatatu akaenda kuketi tena na wanaoanza, akijifunza Ishara ya Msalaba aliyoijua tangu zamani.

Machoni pa watu alirudi nyuma. Lakini usiku ule wa mvua alikuwa amemkiri Mungu mmoja mbele ya ukoo wake wote, nayo ndiyo ahadi itakiwayo kwa mtu asimamapo penye maji ya ubatizo. Upepo uliomzuia ulikuwa umemsogeza.

Kila mkatekumeni na ajiulize jioni ya leo: Ni upepo gani unaomjia mbele? Je, anaikaza kamba kwa hasira, au ameliteremsha tanga kwa kukata tamaa? Na akumbuke ya kuwa mitume hawakuwa peke yao gizani. Kabla hajaingia chomboni mwao na upepo kukoma, Bwana alikuwa amekwisha kuwaona.