Dimu Isiyoshuka

Fundi umeme wa magari hutumia dakika chache tu kutoa balbu ya halojeni na kuweka ya LED. Swali linalobaki ni refu kuliko kazi hiyo: nina haki ya kuona hadi wapi, ikiwa kuona kwangu kunampofusha mwingine?

Nianze na kifaa chenyewe. Balbu ya H4 ina nyuzi mbili, ya wati 60 kwa fulu na ya wati 55 kwa dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu. Taa nzima imepimwa kufuata mahali uzi ulipokaa. Ukiweka LED ambayo vitaa vyake havikukaa palepale, mwanga hutawanyika. Dereva anashusha taa kwa adabu, na anayekuja bado anapigwa machoni. Ishara ya heshima ipo, heshima yenyewe haipo. Hilo linanisumbua kuliko ule ukali.

Dereva naye ana hoja. Usiku kati ya Kahama na Geita kuna ng'ombe, mikokoteni na watembea kwa miguu wenye nguo nyeusi; akiwaona mapema, anawaokoa. Ni kweli, ila anayeokolewa ni yule aliye mbele ya taa na kuipa mgongo. Anayeitazama ni mwingine.

Kant angetuuliza kama tungetaka kila mtu afanye hivyo. Hapana, wote tungepofuka. Lakini jibu hilo linadhani wote tuna magari. Mwenye Noah akimulikwa, naye hupiga fulu, deni likalipwa hapohapo. Mwendesha baiskeli aliyepakia mkaa hana cha kulipia. Huacha lami, na huko pembeni ndiko uliko mtaro.

Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu huvaa tochi kichwani. Ndani ya duara, ukizungumza na mwenzako unageuza uso kidogo ili usimmulike. Hakuna trafiki kule chini anayesimamia jambo hilo. Nadhani si kwamba wana roho nzuri kutuzidi: mwenzako asiyeona, akiwa na nyundo mkononi au ameshika kamba yako, ni hatari kwako pia. Barabarani, gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Kabla macho ya yule wa baiskeli hayajarudi, dereva yuko mbali, na kama kuna aliyeanguka, ameanguka nyuma yake, gizani.

Kusimamisha gari mbele ya ukuta usiku na kutazama mwanga unakatikia wapi hakuhitaji mashine. Kwenye gereji nilizopita Kahama sijaona fundi akifanya hivyo, wala mteja akidai. Mteja huwasha, hutazama mwanga unavyofika mbali, kisha hulipa.