Zimwi Halihukumiwi

Hapa Membley, Ruiru, nyumba nyingi zimezungushiwa ukuta mrefu, juu yake waya wa umeme, na getini kuna mlinzi. Tumejenga hivyo kwa sababu tunamwaza mwovu kama mgeni: mtu wa nje, wa usiku, asiyejulikana jina. Filamu za kutisha zimetuzoesha wazo hilohilo.

Rise and Fall of Idi Amin, filamu ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Sharad Patel na kupigwa picha hapa Kenya, nayo inamchora Amin, dikteta wa Uganda, kama zimwi. Inamwonyesha akila nyama ya binadamu, madai yasiyowahi kuthibitishwa. Lakini Joseph Olita, Mkenya aliyemwigiza, alituonyesha jambo lenye kina kuliko damu. Amin wake anacheka, anatania, anapenda kushangiliwa. Na nyuma ya kicheko hicho kuna hofu ya mtu anayehisi usaliti kila upande.

Hofu hiyo si ya ajabu. Sote tunaogopa kudharauliwa, sote tuna wivu. Kinachotutenga na Amin si usafi wa moyo, bali ni kuwapo kwa watu wanaoweza kutukataza nasi tukalazimika kutii. Yeye alipandishwa vyeo na Waingereza katika jeshi lao la kikoloni la KAR (King's African Rifles), Obote, mtawala wa Uganda kabla yake, akamkweza alipomhitaji, na Januari 1971 alipompindua Obote, umati wa Kampala ukampokea kwa vigelegele. Hofu ya kawaida ikapewa bunduki, ikakosa wa kuikemea.

Huenda mtu akasema kwamba huku ni kumtetea muuaji. La, ni kinyume chake. Zimwi halina hatia, maana kula watu ndiyo asili yake. Anayehukumiwa ni binadamu, kwa kuwa angeweza kutenda vingine akachagua kutotenda. Tukimwita Amin mnyama, tunamfutia mashtaka, na tunawafutia pia waliomsaidia.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lakini Benedicto Kiwanuka alijulikana vyema na Amin: Amin ndiye aliyemtoa kizuizini, kisha akamteua kuwa Jaji Mkuu wa Uganda mwaka 1971. Septemba 1972 askari walimkamata katika Mahakama Kuu, wala hakurudi tena. Kujuana hakukumwokoa. Kilichohitajika ni sheria yenye nguvu ya kumzuia hata rais.

Basi tusimpime mtu kwa uzuri wa kicheko chake, awe mwenyekiti wa wakazi wa mtaa au mkuu wa nchi. Tuulize mapema: nani anaweza kumkataza? Na kila mmoja wetu ajiulize hivyo juu ya nafsi yake, nyumbani mwake. Jibu likiwa hakuna, hatari imekwisha kuanza, hata kabla tone la damu halijamwagika.